Nyumba nzima tunaambiwa damu kidogo, lakini kila mtu na dawa yake

SWALI

Asalam alaikum Sista,

Natumai u mzima wewe na wa kwako. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko hapa Lamu mtaa wa Langoni, nakuandikia usiku watoto wameshalala manake mchana sipati nafasi, na ukweli ni kwamba mchana sina nguvu ata ya kushika simu. Jina langu usilitaje tafadhali.

Tatizo langu ni uchovu, lakini si uchovu huu wa kazi tuliouzoea. Nyumba yetu ni ya ghorofa na jiko liko juu darini, zamani nilikua napanda na ndoo ya maji mkononi na mtoto kiunoni bila kufikiria, sahi nikipanda mikono mitupu nafika katikati ya ngazi inabidi nikae, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Nikiinuka haraka naona kiza. Nywele zinakatika, kucha zimekua laini alafu zimebonyea katikati. Na kuna jambo naona haya kulisema, nimekua siwezi kukaa bila barafu. Sisemi maji baridi, nasema barafu yenyewe, naitafuna kutwa kucha. Mume wangu ni mvuvi, hununua barafu ya kuwekea samaki na mimi humuibia. Nikiikosa natafuna mchele mbichi.

Mavyaa yangu alisema nimepatwa na jicho, akaniletea kombe nikanywa, alhamdulillah roho ilitulia lakini ngazi bado zinanishinda. Kisha juzi nikamsikia akimwambia wifi yangu kwamba mimi ni mvivu, nimezoea kulala. Lilinikata maini Sista.

Nilienda nikapimwa, HB, kile kipimo cha wingi wa damu, nikaambiwa ni 7.8, karatasi ninayo, imeandikwa pia MCV 66 na vitu vingine sivielewi. Foleni ilikua ndefu, dokta akaniandikia vidonge vya chuma akaniambia una upungufu wa damu, kula mboga, basi, mwengine aingie. Nilivimeza siku chache choo kikawa cheusi tii, na tumbo likawa lanisokota, nikaogopa nikaacha. Sahi nanunua siropu ya damu kemisti na nasaga bitiruti kila asubuhi.

Sasa kilichonichanganya ni hiki. Mtoto wa dadangu yuko Malindi ana sikoseli, nae damu humshuka mara kwa mara mpaka huongezwa, lakini dadangu aliambiwa asimpe siropu za chuma ovyo ovyo. Halati yangu ana sukari, nae alipimwa akaambiwa damu kidogo, yeye anadungwa sindano za B12 na analalamika ganzi kwenye nyayo. Ami yake mume wangu ana figo, nae damu kidogo, na yeye sindano yake ni nyingine kabisa. Sote damu kidogo! Mavyaa anasema damu ni damu, tununue siropu moja kubwa tunywe nyumba nzima, na likizo hii dadangu anakuja na mwanawe na chupa mavyaa ashaiweka tayari. Mimi roho yangu inasita.

Je huu ni ugonjwa mmoja au ni mingi? Wangu mimi ni upi? Na yawezekana nami nina sikoseli kwa sababu ya dadangu? Nauliza manake mimi na mume wangu tumeoana watoto wa ndugu, mamangu na babake ni tumbo moja. Siku zangu pia ni nyingi kidogo tangu niweke koili ya kupanga uzazi baada ya huyu mtoto wa mwisho, huvaa pedi mbili kwa pamoja na usiku huamka kubadilisha, lakini hilo nishalizoea.

Nisaidie Sista.

Mama Watatu, Lamu


JIBU

Waalaikum salam mwanangu Mama Watatu,

Roho yako kusita imefanya vyema. Hiyo chupa ya mavyaa mtoto wa dadako asionjeshwe, ata kijiko kimoja, mpaka daktari wake wa kliniki ya sikoseli aseme. Nitakueleza kwa nini huko chini, lakini hilo nimelitanguliza manake likizo yaja na chupa iko kabatini.

La pili, HB ya 7.8 si ya kusagia bitiruti. Mwanamke ambaye hana mimba anatakiwa afike 12 kwenda juu, mwenye mimba 11, mwanamume 13. Mwanamke asiye na mimba akishuka chini ya 8 Shirika la Afya Duniani linaihesabu ni kali. Kwa hivyo wewe si mvivu mamangu, wewe unapanda ngazi ukiwa na damu ambayo haitoshi kubeba hewa, moyo unalazimika kukimbia ndio mwili upate kidogo kilichopo, ndio ukausikia masikioni. Msomee mavyaa sentensi hii kama ilivyo, au mpe simu aisome mwenyewe.

Sasa tuje kwa swali lako. Upungufu wa damu si ugonjwa mmoja, na mimi husema tena na tena ata wodini, kwamba neno hilo ni nusu ya jibu tu. Ukiambiwa una damu kidogo unatakiwa uulize pale pale, imepungua kwa sababu gani? Manake ni kama lile birika la maji chooni kwenu, ukilikuta maji yako chini, ima hayajazwi ya kutosha, ima kuna ufa yanavuja, ima watu wanayateka kabla ya wakati. Damu nayo hupungua kwa njia hizo hizo, mwili hautengenezi ya kutosha, au inamwagika mahali, au chembe zake zinavunjika mapema. Na ndani ya kila njia kuna sababu kadha wa kadha, kila moja na dawa yake, ndio kwenu ukaona watu wanne na matibabu manne na wote wameambiwa neno moja.

Tuanze na karatasi yako, umefanya jambo zuri kuiweka. Hiyo MCV ni ukubwa wa chembe nyekundu. Kawaida huwa baina ya 80 na 100. Yako ni 66, maana yake chembe zako ni ndogo sana. Chembe zikiwa ndogo hivyo mtu wa kwanza kumshuku ni chuma, manake chuma ndio kinachoingia kwenye hemoglobini, ndio hiyo HB yenyewe inayobeba hewa, kikikosekana mwili unatoa chembe ndogo, dhaifu, zilizopauka. Na dalili zako zote zinaelekea huko huko. Kucha kubonyea kama kijiko ni chuma. Hiyo hamu ya barafu na mchele mbichi ni chuma, wengine huwashika kwa udongo, wengine unga, si ulevi wala si jini wala usione haya, ni mwili uliokosa chuma, na utaona ukianza dawa vizuri hamu ya barafu itakutoka mapema ata kabla HB haijapanda ya kuonekana. Ila hiyo barafu ya samaki wacha kuitafuna tangu leo, haikutengenezwa kwa kinywa cha mtu, utajiletea homa ya matumbo au kipindupindu juu ya haya uliyonayo.

Lakini hapa pwani yetu kuna jambo moja watu hawaambiwi. Kuna hali ya kurithi inaitwa alfa thalasemia, wapwani wengi wanayo bila kujua, nayo pia hufanya chembe ziwe ndogo. Kwa wengi haina shida, HB inashuka kidogo tu, peke yake isingekufikisha 7.8. Nimeitaja kwa sababu mwenye hali hiyo anaweza kupewa chuma mwaka mzima chembe zisikue, na chuma si chake. Kinachotenganisha ni kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Kwa mtu mzima asiye na homa wala maambukizi, feritini ikiwa chini ya 15 akiba imekwisha. Ukiwa na homa au uvimbe mwilini hiyo feritini hupanda ya uongo, kwa hivyo ukiwa na mafua makali siku hiyo mwambie mtu wa maabara au ngoja upone. Kaombe kipimo hicho. Kama hakipatikani hapo ulipo dokta anaweza kukuanzishia chuma kisha akapima HB baada ya wiki tatu nne, ikipanda vizuri ndio jibu lenyewe.

Haya, tuseme ni chuma, na mimi naona ni chuma. Kimeenda wapi?

Mwanangu, hilo umelijibu mwenyewe kwenye mstari wa mwisho, ukalipitisha mbio mbio ukasema nishalizoea. Pedi mbili kwa pamoja na kuamka usiku kubadilisha si jambo la kuzoea. Hesabu yake ni hivi, mililita mbili za damu nzima zinatoka na kama miligramu moja ya chuma, na utumbo wetu unanyonya kutoka kwa chakula miligramu moja hadi mbili kwa siku, haiwezi zaidi sana ata ule nini. Hedhi ikizidi mililita 80 kwa mwezi inahesabika ni nyingi, hizo tayari ni miligramu 40 za chuma, yaani wiki nzima nzima za kula zimetoka. Na anayevaa pedi mbili mara nyingi amezipita hizo 80. Kila mwezi unatoa kuliko unachoingiza, na umeshazaa watoto watatu, kila mimba imechota akiba yako, sasa hiyo akiba ikae vipi? Hapo bitiruti itafanya nini maskini. Ile rangi yake nyekundu si damu, chuma kilichomo ni kidogo, kama unaipenda kunywa haina ubaya lakini usiihesabu kua ni dawa.

Koili ya shaba ni njia nzuri na wanawake wengi iko nao salama, ila inajulikana inaweza kuzidisha hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Ikiwa miezi hiyo imepita na bado unaloa hivyo, rudi kwa waliokuwekea. Usiivute mwenyewe, na usikubali itolewe ukaondoka mikono mitupu bila njia nyengine, manake kushika mimba na HB ya 7.8 ni hatari kwako na kwa mtoto. Kuna koili ya aina nyengine yenye homoni, hiyo hupunguza hedhi badala ya kuizidisha, kuna na njia nyengine mtazungumza. Pia waombe wakuangalie kizazi kwa picha ya altrasaundi, manake uvimbe kwenye kizazi nao huleta damu hivi hivi na lawama zote zikaangukia koili. Kuna vidonge vya kupunguza damu siku za hedhi, vinaitwa traneksamiki, uliza kama vinakufaa. Na usisahau kupima choo. Minyoo ya safura inaingia kwa nyayo, mtu akitembea peku kwenye mchanga wenye kinyesi, ikifika utumboni inafyonza damu kimya kimya na mtu hana habari. Dawa yake ni rahisi.

Vidonge sasa, manake hapa ndipo wengi wanapoachia njiani na wewe mmoja wao. Choo kuwa cheusi ukimeza chuma ni kawaida kabisa, ni chuma kilichobaki kinatoka, mtu wa dawa alitakiwa akwambie kabla hujatoka dirishani. Kinachotisha ni choo cheusi cha kunata kama lami, chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, na hasa kwa mtu ambaye hamezi chuma, huyo anavuja damu tumboni na akimbizwe. Tumbo kusokota au kufunga choo pia ni kawaida, dawa ya hilo ni kupunguza, si kuacha. Kidonge kimoja kwa siku kinatosha watu wengi, na wengine huandikiwa siku moja ndio siku moja sio na mwili unanyonya vizuri tu, kwa hivyo rudi umwambie dokta kilichokushinda akupangie upya, usijipangie.

Na unakimeza na nini? Nakuuliza manake najua asubuhi ya Lamu, mahamri na mbaazi na chai ya maziwa iliyokolea, kidonge kinateremshwa na chai hiyo hiyo. Basi hapo umekitupa. Majani ya chai yanakishika chuma utumboni kisinyonywe, kahawa ni hivyo hivyo, maziwa nayo, na dawa za kiungulia. Kidonge kimeze na maji uliyokamulia ndimu au juisi ya chungwa, tumbo likiwa halina kitu kama unaweza, na chai ikae mbali nacho, saa moja kabla au saa mbili baadae. Wengi wanaona rahisi kumeza usiku wakilala. Ukiona kichefuchefu kula kidogo, ndizi au mkate, bora kikae tumboni.

Ukimeza hivyo na damu ikawa haimwagiki tena, HB inatakiwa ipande kama 2 ndani ya wiki tatu hadi nne. Ikikataa kupanda usibadilishe siropu, kuna kitu, ima bado unavuja, ima hainyonywi, ima tulikosea aina, na kuna chuma cha kudungwa kwenye mshipa kwa ambaye vidonge vimemshinda kabisa. Na HB ikifika 12 usiache siku hiyo hiyo! Unaendelea miezi mitatu mengine ndio akiba ijae, la sivyo baada ya muda mfupi uko pale pale kwenye ngazi.

Vidonge hivyo viweke juu, mahali watoto hawafiki. Vinafanana na peremende, na chuma kingi kwa mtoto mdogo ni sumu, kinaua. Siropu pia hivyo hivyo.

Chakula ni cha kusaidia, hakitoshi peke yake kwa HB yako, lakini kina maana. Chuma cha nyama na maini mwili unakinyonya vizuri kuliko cha mboga. Mchicha, kunde, mkunde, dengu ni vizuri pia ila wekeni ndimu na kipande cha samaki au nyama ndani ya mlo huo huo, manake samaki anasaidia chuma cha mboga kunyonywa, na nyie samaki mnao mlangoni alhamdulillah. Maini ni kwa asiye na mimba, mwenye mimba asiyategemee kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Na mwenye mimba kliniki anapewa vidonge vyake, chuma miligramu 60 na foliki, ile vitamini ya kutengeneza damu, 400 maikrogramu, avimeze kila siku asiviache droo.

Nimalize yako kwa hili, ukianza kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, kifua kuuma, kuzimia, au damu ya hedhi kuloanisha pedi kila saa, usingoje miadi wala usingoje mume arudi baharini, uende usiku huo huo.

Sasa mtoto wa dadako. Yeye mwili wake unatengeneza damu sana tu, tena kwa bidii kuliko wako, lakini chembe zake zinapinda kama mundu na kuvunjika. Chembe ya mimi na wewe inaishi kama siku 120, ya mtoto huyu siku 10 hadi 20. Ikivunjika, chuma chake hakitoki nje, kinabaki mwilini. Na kila akiongezwa damu, kila mfuko unaingia na chuma chake, miligramu 200 na zaidi, na mwili wa binadamu hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi, kinaenda kukaa kwenye ini na moyo. Ndio dadako akaambiwa vile, na mavyaa akipata ufahamu huu naamini ataiondoa chupa mwenyewe, kwa sababu nia yake ni mapenzi. Mtoto wa sikoseli chuma anapewa tu akipimwa na kuonekana kweli amekikosa. Kinachomfaa ni foliki yake, penisilini akiwa mdogo, dawa ya kuzuia malaria, haidroksiyurea kama ameandikiwa, maji mengi, na chandarua kila usiku. Mwambie dadako asije likizo akasahau mfuko wa dawa Malindi.

Wewe huna ugonjwa wa sikoseli. Ungekua nao ungejua tangu utotoni, kwa maumivu ya mifupa na vidole kuvimba, na kwa kawaida chembe zake hazishuki mpaka 66. Lakini unaweza kua mbebaji, yaani umeirithi kwa mzazi mmoja tu, na hapa nataka unisikilize vizuri. Dadako ni mbebaji bila shaka, manake mtoto hapati ugonjwa huu mpaka apokee kwa baba na kwa mama. Dadako nae alipokea kwa mmoja wa wazazi wenu, kwa hivyo nafasi ya wewe kubeba ni nusu kwa nusu au zaidi. Na kwa kua mume wako ni mtoto wa mjomba wako, yawezekana nae amebeba. Mbebaji haugui na hapungukiwi na damu kwa sababu hiyo, anaishi maisha yake yote mzima. Tena si jambo la aibu wala la damu mbaya, mwaka 1954 daktari mmoja, Anthony Allison, aliyelelewa hapa hapa Kenya, alionyesha kwamba mbebaji analindwa na malaria kali, ndio hali hii ikaenea sana pwani na kwenye ziwa ambako malaria ilikua ikiua watoto. Ila wabebaji wawili wakizaa, kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto kua mgonjwa. Kila mimba peke yake, usiseme watatu wamepona basi wa nne ndie, au basi tumeshapita. Kapimeni nyote wawili kile kipimo cha elektroforesisi kinachoonyesha aina ya hemoglobini, manake kile cha kuangalia tu kama chembe zinapinda hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Na hao watoto watatu wapimwe pia, wakikua waende kwenye ndoa wakijua.

Halati yako ni habari nyengine. Vitamini B12 inatoka kwa nyama, samaki, mayai na maziwa, na mtu wa Lamu anayekula samaki kila siku si rahisi aikose kwa chakula, kwa hivyo shida mara nyingi ni kunyonya. Na ana sukari! Vidonge vya metformini vikitumika miaka mingi vinapunguza unyonyaji wa B12, hilo linajulikana, asiache dawa yake ya sukari lakini azungumze na dokta wake. Chembe za mwenye upungufu huu zikipimwa mara nyingi hukutwa kubwa kupita kiasi, MCV juu ya 100, kinyume na zako. Ganzi ya nyayo wengi wanailaumu sukari tu, kumbe B12 nayo inaharibu mishipa ya fahamu. Kosa kubwa kwake ni kupewa foliki peke yake, damu itapanda karatasini kila mtu afurahi na huku mishipa inaendelea kuharibika. Zamani aina moja ya upungufu huu ilikua inaua moja kwa moja, mpaka mwaka 1926 madaktari wa Marekani walipogundua kulisha wagonjwa maini mengi kila siku, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1934, na B12 yenyewe ikatolewa safi mwaka 1948. Leo ni sindano tu, basi asikose tarehe zake.

Ami ana figo, na figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuambia uboho utengeneze damu. Zikichoka hiyo amri haitoki. Ndio anadungwa homoni yenyewe. Huyo ukimpa siropu umemjaza kitu bila amri ya kukitumia, wakati mwengine wenyewe humuongezea chuma lakini kwa vipimo.

Kuna na wengine wanaonisoma hapa. Malaria inavunja damu, mtoto aliyepauka baada ya homa apimwe HB. Watu wa Witu, Mpeketoni na Tana huko mnakooga kwenye maji baridi ya ziwa na mto, mkojo wa damu kwa kijana si dalili ya kua mwanamume, ni kichocho na kina dawa. Na wanaume, nyinyi hamna hedhi, mwanamume aliyekosa chuma au bibi aliyekwisha kukoma hedhi, lazima atafutwe anavuja wapi, mara nyingi ni tumboni, kidonda, bawasiri, wakati mwengine saratani ya utumbo. Wabeba mizigo na wavuvi wanaomeza diklofenaki na aspirini kila jioni kwa ajili ya mgongo, hizo zinachubua tumbo na damu inatoka kidogo kidogo bila maumivu.

Kombe la mavyaa usilikatae, mama wa watu ameshughulika kwa njia aijuayo, na dua haipingani na maabara. Nenda nae kliniki ikiwezekana, akae hapo akisikia dokta akisema 7.8 maana yake nini, itamuingia kuliko kutoka kwako au kwa mwanawe. Na mumeo wewe mvuvi, ukisoma hapa, kwa miezi hii maji ya darini yapandishe wewe.

Wiki hii hii Mama Watatu, ukifika uwaambie mambo matatu kwa mpigo, HB 7.8, MCV 66, na koili na pedi mbili, usiliache hilo la tatu kwa sababu ya haya ata kama aliyekaa hapo ni mwanamume. Feritini ikitoka niandikie nambari nikusomee.

Sista